Kilio cha Ushuru Katika Safu Moja ya Swala



Mwezi huu meza yetu imepokea barua mbili kutoka kwa waumini wa msikiti mmoja wa hapa Dar es Salaam. Barua ya kwanza imeandikwa na fundi cherehani. Anatuomba tupaze sauti, na maimamu wapaze sauti kwenye khutba, ili serikali ipige marufuku nguo za mitumba kwa kuwa zimemwua kibiashara. Zamani, anasema, alikuwa na vijana wanne, na leo amebaki na cherehani moja na mtoto wa dada yake. Barua ya pili imeandikwa na muuza mitumba. Yeye anataka tupaze sauti hiyo hiyo, lakini ili ushuru wa mabelo upunguzwe, maana belo aliyokuwa akiifungua na kupata riziki ya wiki, sasa anaifungua na kutoka na deni. Wote wawili wametaja aya na hadithi. Wote wawili, kwa kadiri tulivyofahamu, husimama safu moja katika swala ya alfajiri.

Tumekaa na barua hizi kwa siku nyingi kuliko kawaida yetu. Jambo lililotuzuia kuzijibu kwa haraka ni kwamba waandishi wake hawasemi uongo. Kila mmoja anaeleza hali yake kama ilivyo. Tena kila mmoja anaomba kitu kimoja ambacho watu wa kila nchi huomba wanapobanwa, nacho ni mkono wa dola uwekwe kwenye mizani ya soko, upande wake. Hivyo kabla hatujauliza nani apewe alichokiomba, ni vema tuulize kwa nini kilio hiki huja na kuondoka, na kwa nini huja kwa nguvu katika miaka fulani na kunyamaza katika miaka mingine.

Wazee wetu wanaikumbuka vizuri miaka ya mwanzo ya themanini. Maduka yalikuwa na rafu tupu. Watu walipanga foleni ya sabuni, ya sukari na ya khanga, na maiti nyingine zilisubiri sanda. Mwaka 1983 ilipita operesheni ya wahujumu uchumi, na mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa bila kuulizwa fedha hizo walizipata wapi. Nguo zilizovaliwa na wengine, ambazo wakati ule ziliitwa kafa Ulaya, zikaanza kuonekana hadharani. Je, kuna aliyesimama wakati huo akataka mtumba uzuiwe ili kiwanda cha nguo kipone? Kama alikuwepo, sauti yake haikusikika. Mtu aliyekuwa na shati moja lenye viraka hakuwa na nafasi ya kuuliza limeshonwa wapi lile la pili. Kilio cha kutaka kinga kilikuja baadaye, katika miaka ya tisini, viwanda vilipofungwa na wafanyakazi wake wakarudishwa nyumbani. Nchi ni ile ile, na watu ni wale wale. Kilichobadilika ni mahali kiatu kilipobana.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo hili. Mwanadamu hutetea alichonacho kwa nguvu zaidi kuliko anavyokitafuta asichonacho. Mfanyabiashara aliye katika mwaka mzuri hana muda wa kwenda wizarani. Yuko dukani anauza. Mwaka mbaya unapomfikia, muda anao, sababu anayo, na wenzake wenye hali kama yake wapo tayari kumfuata. Na zipo hali nyingine zinazozidisha kilio: shilingi inapokuwa na nguvu kupita kiasi, mzigo wa nje huwa rahisi na wa ndani huonekana ghali, mavuno ya nchi jirani yanapokuwa mengi, mahindi yao hufika kwetu kabla yetu hayajakauka.

Lakini ipo sababu moja ambayo watu wengi hawaitazami. Chukua biashara inayochanua. Serikali ikiiwekea kinga leo, kesho wataingia watu wapya mia kugombea faida ile, na waliohangaika kuiomba kinga hawatabaki na kitu. Sasa chukua biashara inayofifia. Hakuna mtu mwenye akili atakayeingia humo kwa sababu ya ushuru kupanda kidogo, kwa hiyo chochote kitakachopatikana kitabaki kwa wale waliomo. Ndiyo maana utaona wanaozama wakiomba kwa bidii kuliko wanaoelea, na ndiyo maana kinga nyingi duniani zimekwenda kwa viwanda vilivyochoka. Vile vichanga, ambavyo wataalamu husema ndivyo vinavyostahili kulindwa hadi vikue, mara nyingi havina hata chama cha kuvisemea.

Tutoe mfano wa nje kidogo, kwani una somo. Nchini Marekani wakulima waliteseka kwa kushuka kwa bei za mazao katika miaka yote ya ishirini. Katika kampeni za mwaka 1928 Herbert Hoover aliwaahidi ushuru wa kuwalinda. Muswada ulipita katika Baraza la Wawakilishi mwezi Mei 1929, yaani miezi kadhaa kabla masoko ya hisa hayajaporomoka Oktoba mwaka huo. Kisha ulikuwa bado unajadiliwa katika Seneti wakati watu wamekwishaanza kupoteza kazi, na kila mwenye kiwanda akataka bidhaa yake nayo iongezwe kwenye orodha. Jambo lililoanza kama msaada kwa mkulima likageuka mlango wa kila mwenye shida na kila mwenye tamaa. Wachumi zaidi ya elfu moja walimwandikia Rais asitie saini. Alitia saini tarehe 17 Juni 1930. Kanada ilijibu kwa ushuru wake, Uingereza ikaacha biashara huria mwaka 1932, na biashara ya dunia ikanywea. Hatusemi kwamba sheria ile ndiyo iliyoleta mdororo, maana mdororo ulikuwa na vyanzo vyake. Tunachosema ni kwamba ilikuwa dawa iliyoombwa na mgonjwa mmoja, ikanywewa na kila aliyekuwa wodini.

Mdororo ule ulifika mpaka kwetu, na hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wa Unguja na Pemba watusikilize kwa makini, kwa sababu habari hii ni ya babu zao. Bei ya karafuu ilipoanguka, wenye mashamba, wengi wao Waarabu na Waswahili, walijikuta hawawezi kulipa madeni waliyokopa kwa rehani ya mashamba na mikarafuu yao. Waliowakopesha walikuwa kwa sehemu kubwa wafanyabiashara wenye asili ya India. Katika miaka ya neema mfumo huo wa mikopo haukuonekana kuwa tatizo la siasa; kila msimu wa mavuno ulilipa msimu uliopita. Bei ilipoanguka, riba iliyokuwa imekaa kimya ndani ya daftari ikatoa kichwa.

Kilio cha kutaka kinga kikapanda, na serikali ya Kiingereza ikakisikia. Mwaka 1934 zilitungwa sheria za kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie mikononi mwa wengine bila ruhusa, na sheria ya kukipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu. Mwaka 1937 ikaja sheria nyingine iliyokipa chama hicho mamlaka juu ya ununuzi na usafirishaji wa karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wakaona wamefukuzwa sokoni kwa amri. India, iliyokuwa miongoni mwa wateja wakubwa kabisa wa karafuu zetu, ikaisusia. Chama cha Congress kiliunga mkono mgomo huo, na mzigo wa Zanzibar ukakosa mnunuzi Bombay. Mwaka 1938 pande mbili zikafikia makubaliano, na wafanyabiashara wale wakapewa tena nafasi katika biashara.

Tunaileta habari hii kwa sababu inakataa kuingia katika kisanduku kimoja. Mwenye shamba alikuwa na haki ya kulia, kwani riba ilimla, na riba Allah (SW) ameiharamisha kwa tangazo la vita ambalo hakulitoa kwa mwenye kosa jingine la kimali. Kumlinda mtu asinyang'anywe shamba kwa deni la riba ni jambo ambalo sisi hatuwezi kulipinga. Ama kumfungia mfanyabiashara mlango wa soko, hilo ni jambo la pili, na lilifungwa pamoja na la kwanza katika kamba moja kana kwamba ni kitu kimoja. Wakati wa dhiki mambo mawili hufungwa hivyo kwa urahisi sana. Tena miongoni mwa wale walioitwa Wahindi walikuwemo Waislamu waliokuwa na misikiti yao hatua chache kutoka kwa wadai na wadaiwa wenzao. Ufa ule wa miaka ya thelathini haukuzibika kwa makubaliano ya 1938, na kila aliyesoma historia ya visiwa vile anajua ulivyoendelea kupanuka.

Sasa turudi nyumbani na katika siku zetu. Mwezi Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo huduma za fedha kwa simu, utengenezaji wa simu, saluni na ununuzi wa mazao shambani. Amri hiyo ilikuja baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wafanyabiashara wa Kariakoo, waliosema wageni, hasa Wachina, wameacha jumla na kuingia katika rejareja ya chini kabisa. Majirani zetu Wakenya walilalamika kwamba amri hiyo inavunja itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki ya mwaka 2010. Waumini kadhaa walituuliza wakati ule kwa nini hatukuishangilia.

Jibu letu tunalitoa sasa, na tunalitoa kwa kutumia kipengele kimoja tu, kile cha ununuzi wa mazao shambani. Mtume (SAW) alikataza watu kutoka nje ya mji kuupokea msafara wa wenye bidhaa kabla haujafika sokoni. Wanazuoni wamelieleza katazo hili kwamba mwenye bidhaa, akiwa bado njiani, hajui bei ya soko, na anayemfuata huko hutumia ujinga wake. Tazama basi mahali sheria ilipoweka kidole. Haikuuliza mnunuzi ametoka kabila gani. Imeuliza: je, muuzaji anajua thamani ya mali yake? Mkulima wa Kilosa au wa Mbozi anayeuziwa njaa na dalali raia, kwa gunia la lumbesa lililoshonewa kilemba juu, amedhulumiwa dhuluma ile ile ambayo Mtume (SAW) aliizuia. Amri ya kumwondoa mgeni imemwacha dalali yule peke yake shambani, bila mshindani. Kama nia ilikuwa kumlinda mkulima, tungependa kuona mizani vijijini, bei zikitangazwa, na lumbesa ikikamatwa kweli kweli.

Wapo watakaosema: basi Uislamu haukubali ushuru kabisa, na kila anayeutoza ameingia katika makemeo ya Mtume (SAW) juu ya mtoza ushuru wa dhuluma. Wengine watasema kinyume chake, kwamba Sayyidna Umar (RA) alitoza ushuru mipakani na kwa hiyo kila ushuru ni Sunna. Pande zote mbili zimeshika ncha ya nguo na kuacha vazi.

Habari ya Umar (RA) ni hii. Abu Musa al-Ash'ari alimwandikia kwamba wafanyabiashara Waislamu wanapokwenda katika nchi zisizo za Kiislamu hutozwa sehemu ya kumi. Umar akamjibu awatoze wafanyabiashara wa nchi hizo kama wao wanavyowatoza Waislamu. Huo ni ushuru wa kulipizana, ili upande mmoja usionewe. Lakini hakuishia hapo. Imam Malik ametaja katika Muwatta kwamba Umar (RA) alikuwa akichukua kwa Wanabati nusu ya sehemu ya kumi tu katika ngano na mafuta, kwa kutaka bidhaa hizo ziletwe kwa wingi Madina, na katika nafaka za jamii ya kunde akichukua sehemu ya kumi kamili. Khalifa yule yule, mpaka ule ule, na viwango viwili. Alitazama ni kitu gani watu wa Madina wanakihitaji ili wale, akakipunguzia. Ngano ya mgeni haikuwa adui wa Madina.

Na Mtume (SAW) mwenyewe, bei zilipopanda Madina na watu wakamwomba awapangie, alikataa. Alieleza kwamba mwenye kukunja na kukunjua riziki ni Allah, na kwamba anataraji kukutana na Mola wake hali hakuna anayemdai dhuluma ya damu wala ya mali. Wakati huo huo alimhukumu mwenye kuficha chakula ili kipande bei kuwa ni mkosefu. Wanazuoni waliokuja baadaye, akiwemo Ibn Taymiyya, walipima hali mbili hizi: bei iliyopanda kwa sababu bidhaa zimepungua au watu wameongezeka, na bei iliyopandishwa kwa hila ya wachache. Katika hali ya kwanza kumlazimisha muuzaji ni dhuluma, na katika ya pili kumwacha ni dhuluma.

Hapa inatubidi tukiri kosa letu wenyewe. Februari 2016 serikali ya awamu ya tano ilizuia uingizaji wa sukari bila kibali, kwa nia ya kuvilinda viwanda vya ndani. Nia hiyo tuliiunga mkono katika ukurasa huu. Ilipofika Mei, Ramadhani ikiwa mlangoni, sukari iliadimika, na kilo iliyoelekezwa kuuzwa shilingi 1,800 ikapita 2,500 katika maeneo mengi. Maghala yalikaguliwa na walioficha walikamatwa. Nasi tuliandika kwa ukali mkubwa juu ya walanguzi, tukataja hadithi ya ihtikari, na tukafunga kalamu tukiamini tumemaliza kazi. Hatukuuliza swali la kwanza: kwa nini sukari ilikuwa kitu kinachofaa kufichwa? Mtu hafichi maji ya bahari. Mlango ulipofungwa huku viwanda vya ndani havitoshelezi mahitaji ya nchi, mwenye magunia mia alipata silaha mkononi. Dhambi ni yake, naye ataulizwa. Lakini sisi tuliimba sifa za kufuli na tukashangaa kuona chumba hakina hewa.

Mwaka 2024 jambo hilo lilijirudia kwa sura nyingine. Mvua za El Niño zilizuia uvunaji wa miwa, na katika miezi ya Januari na Februari kilo ya sukari ilipita shilingi 4,000 sehemu nyingi, wiki chache kabla ya kufunga. Serikali ilitoa bei elekezi na baadaye katika mwaka huo ikafungua njia kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula kuagiza sukari na kuihifadhi. Angalieni namna sauti zinavyobadilishana viti. Bei inapokuwa chini, mwenye kiwanda na mkulima wa miwa hulia wapewe kinga. Bei inapopanda, mama wa futari hulia mlango ufunguliwe. Na katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki sukari ya nje imewekewa asilimia 100, miongoni mwa viwango vikubwa kabisa katika jedwali lile. Kiwango hicho hulipwa kwenye kikombe cha chai, na mwenye kikombe hajui kwamba amelipa.

Hilo la kutojua ni zito. Ushuru wa sukari ukiondolewa kesho, kiwanda kitajua siku hiyo hiyo, na watu wake watakwenda Dodoma. Ukiongezwa, mamilioni ya wanywaji chai watalipa shilingi chache chache kila mmoja, na hakuna hata mmoja atakayepanda basi kwenda kulalamika. Maimamu wanaoombwa wasome tamko la kundi fulani siku ya Ijumaa wakumbuke kwamba kundi lililofika mbele yao ndilo lililoweza kufika.

Na kinga haina mwelekeo mmoja. Njaa inapotisha, watu hutaka mazao yasitoke. Tanzania imewahi kuzuia mahindi yasivuke mpaka, ikiwemo mwaka 2011 na mwaka 2017. Mlaji wa mjini alipumua, na mkulima wa Rukwa, aliyekuwa ameona kwa mara ya kwanza bei nzuri ikimjia kutoka ng'ambo, akaambiwa asubiri. India ilizuia mchele wake katika msukosuko wa mwaka 2008, ikauzuia tena mchele mweupe wa kawaida Julai 2023 hadi Septemba 2024, na wali ukawa ghali katika nchi zisizohusika na siasa za India hata kidogo.

Mtu asidhani kwamba kilio hiki hutoka kwa maskini pekee, au katika miaka ya mdororo pekee. Aprili 2025 Rais Donald Trump alitangaza ushuru wa angalau asilimia 10 kwa karibu kila nchi, wakati ukosefu wa ajira Marekani ulikuwa mdogo, kiasi cha asilimia 4. Jeraha lilikuwa la zamani: miji iliyopoteza viwanda baada ya China kujiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, na ambayo haikuhudumiwa. Uchumi wa nchi unaweza kupona kwenye makaratasi huku mtaa mmoja ukiendelea kuoza, na mtaa ule hausahau.

Mitumba nayo imekwishawaonesha viongozi wetu kwamba mlango una watu pande zote mbili. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua. Wauzaji wa mitumba wa Marekani walipeleka shauri lao serikalini kwao, na Marekani ikatishia kuziondoa nchi zetu katika unafuu wa sheria ya AGOA. Kenya, Uganda na Tanzania zikalegeza msimamo. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola mbili na nusu, ilishikilia, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kupata unafuu huo. Wapo wanaoisifu kwa ushujaa, nasi hatuwapingi, ila Rwanda ilikuwa na nguo chache sana za kuuza Marekani. Ushujaa wa namna hiyo Kenya, yenye wafanyakazi maelfu katika viwanda vya nguo za kuuza nje, ungeigharimu kwa hesabu nyingine.

Basi fundi wetu tumjibu nini? Kwanza tumwambie ukweli ambao huenda asiupende: hata mtumba ukiondoka leo, mahali pake hapatachukuliwa na cherehani yake. Patachukuliwa na shati jipya la bei ya chini kutoka Asia, lile ambalo tayari limetandazwa kwenye turubai pembeni mwa barabara. Rafiki yake muuza mitumba atakuwa amepoteza riziki, na yeye hatakuwa ameipata.

Lakini kumwambia hivyo na kuondoka ni ukatili. Mchumi Dani Rodrik alionesha mwaka 1998 kwamba nchi zilizofungua zaidi milango ya biashara ndizo, kwa kawaida, zenye serikali zinazotumia zaidi kwa ajili ya watu wake. Maana yake ni nyepesi kueleweka: mtu anayejua kwamba akianguka atadakwa haombi ukuta ujengwe. Anayejua kwamba hakuna wa kumdaka, ukuta ndio tumaini lake pekee. Sasa, ndugu zetu, umma huu uliwekewa wa kuwadaka watu karne nyingi kabla wachumi hawajazaliwa. Katika mafungu manane ya zaka, aliyetopea kwenye deni ametajwa kwa sifa yake. Fundi yule ana deni la kodi ya fremu ya miezi saba. Kamati ya msikiti wake inakusanya zaka kila mwaka, na katika tangazo la mgao uliopita tuliloliona, fungu la wenye madeni halikuwa na jina hata moja. Hatusemi hakukuwa na wenye madeni. Tunasema hakuna aliyewauliza.

Na lipo jingine, ambalo tunaliandika huku tukijitazama wenyewe. Siku ya Idi, kanzu nyingi tunazovaa zimeshonwa nje, na baibui za wake zetu na mabinti zetu zimetoka Dubai. Shule zetu za Kiislamu, na madrasa zenye sare, huagiza vitambaa na hata sare zilizokwisha kushonwa kwa sababu mwenye kuleta huleta kwa wakati na kwa kipimo kimoja. Hapana haramu katika hayo. Ila haiwi sawa mtu aliyevaa kanzu ya nje apande mimbari kuitaka serikali imzuie maskini kuvaa shati la mtumba. Sare za shule ni kazi ambayo fundi mmoja haiwezi na mafundi kumi pamoja wanaiweza, kama watakubaliana juu ya kipimo, tarehe na bei, na kama shule itatoa sehemu ya malipo mwanzo ili wanunue vitambaa bila kukopa kwa riba.

Kwa serikali, tunaloomba ni dogo. Kinga yoyote inayotolewa itangazwe pamoja na siku yake ya mwisho, na gharama yake kwa mlaji ielezwe hadharani, kwa lugha ambayo muuza genge ataielewa. Kinga isiyo na tarehe huzeeka ikawa mali ya mtu. Na ushuru wa vitu ambavyo maskini hawezi kuishi bila hivyo upimwe kwa kipimo kile cha Umar (RA) kwa ngano na mafuta.

Kwa idhini ya waandishi wake, barua zote mbili tumezikabidhi kwa imamu wa msikiti wao, na amekubali kuwakalisha pamoja na kamati ya zaka baada ya swala ya Isha wiki ijayo. Muuza mitumba ametuambia kwamba katika kila belo hutoka nguo zisizouzika kwa kupwaya au kuchanika, na kwamba kwa miaka mingi amekuwa akimlipa mtu wa mtaa wa tatu kuzipunguza na kuzirekebisha. Hakuwa anajua kwamba jirani yake wa safu ni fundi. Shule mbili zilizo karibu na msikiti huo hununua sare zake mwezi Desemba, na walimu wakuu wake wamekwishapelekewa nakala ya toleo hili.